Mkwe wa Meza Moja

"Baba amekataa," Isakwisa aliniambia.

Hata habari za asubuhi hakunipa. Alisimama mlangoni mwa studio yetu pale Uyole, Mbeya, vumbi la safari ya jana kutoka Chunya bado limemganda kwenye nyusi, begi begani, na yale macho yanayonisahaulisha jina langu yamekuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mimi nilikuwa mezani na masweta yangu mawili, nakata picha za video za kwaya. Moyo wangu ulikuwa umeamka unaimba siku hiyo. Ulinyamaza hapo hapo.

"Amekataa nini?"

"Hataki nikuoe, Paskalina. Jana usiku wakati wa kula nilimwambia nataka mshenga aende kwenu Kalenga, Iringa. Akaweka kijiko chini, akasema, 'Yule hapana.' Akainuka, akaenda kulala."

"Yule hapana? Mimi?"

"Wewe."

Jamani! Angekuwa mtu mwingine amenikataa ningetukana kidogo, nikalia kidogo, yakaisha. Lakini Mwalimu Andendekisye? Mzee niliyekaa naye bega kwa bega tangu nilipokuja Mbeya? Anayenimenyea ndizi za kuchemsha kwa sababu anajua naogopa kuchafua kibodi? Nilihisi kama nimepigwa kofi na mtu aliyekuwa ananibembeleza.

Ngoja niwaeleze hiyo meza, maana bila meza hamtaelewa kwa nini niliumia vile.

Studio ni ya Mwalimu. Alifundisha kwaya mpaka akastaafu, kisha akaanza kurekodi kwaya za watu, naye anasikia sauti moja ikipotoka kati ya arobaini. Juu ya meza yake kuna skrini moja, kibodi moja, mausi moja na spika mbili nyeusi. Chini ya meza kuna kompyuta mbili. Ya zamani ni yake, ya sauti, kwa kuwa mashine yake ya kurekodia inaelewana na hiyo tu. Ukiichomeka kwenye mpya inagoma. Hiyo mpya ni yangu, ya picha. Katikati tumeweka swichi, kiboksi kidogo chenye kitufe. Ukibonyeza, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu kompyuta ya mwenzako inatokea, na kibodi na spika vinahamia huko huko.

Wateja walitucheka sana. "Mwalimu, si ununue skrini nyingine?"

"Ya nini?" alikuwa anawajibu. "Mimi nikae na sauti zangu, huyu akae na picha zake, halafu tuwape kwaya inayofungua mdomo huku inaimba kule?"

Basi yeye alisafisha ubeti, akabonyeza. Mimi nikauwekea picha, nikabonyeza. Tuligombana pia, msidhani. Alisema nawaonea waimbaji wa besi kwa kuwa nawapenda wa sauti ya kwanza, nami nilimwambia besi wake wanasinzia mbele ya kamera. Lakini tulifika mahali hatuulizani tena. Kabla hajanyoosha kidole, mimi nilishatoa mkono kwenye mausi.

Na Isakwisa? Isakwisa nilimwona kwanza ndani ya skrini hiyo hiyo. Anatengeneza pampu za maji huko machimboni Chunya, akaja nyumbani kusalimia, akasimama nyuma yetu kuangalia kazi. Mwalimu akabonyeza kitufe. Skrini ilipokuwa nyeusi nikaona kijana mrefu nyuma yangu, na haangalii kazi. Ananiangalia mimi! Picha ikarudi, akapotea. Mwenzenu nikaanza kubonyeza kitufe bila sababu yoyote. Mwalimu akaniuliza, "Kuna nini leo na hiyo swichi?" Nikasema umeme hautulii.

Sasa kijana yule yule ananiambia baba yake hanitaki.

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Kwa sababu mimi Mkatoliki? Nyimbo zenu za Kimoraviani nazijua kuliko wewe! Au kwa sababu ni Mhehe?"

"Sijui. Hakusema."

"Hukumuuliza?"

"Baba yangu haulizwi, Paskalina." Alikuja karibu, akanishika mikono. Yake ilikuwa ya moto, yangu ya baridi. "Sikiliza. Twende zetu. Tukafunge ndoa kwenu Iringa. Baba atakubali tukishapata mtoto."

"Niolewe kwa kujificha? Nimeiba?"

"Nakupenda, ndiyo maana nasema hivyo."

"Na mimi nakupenda, ndiyo maana nakataa!" Machozi yalishaanza, sikuyajali. "Isakwisa, mimi nataka baba yako ajue kwamba naolewa. Nataka afurahi. Ukinichukua bila yeye utanipa mume, lakini utaninyang'anya Mwalimu. Nitakuwa nakuangalia kila siku naona nilichopoteza."

Aliniachia mikono. Sijawahi kuona mwanaume mzima akinywea vile. Ndivyo mama yake alivyotukuta, Mama Ikupa, na chupa ya chai kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huku mnalia, na nyumbani kuna mwingine naye yuko hoi."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Mwalimu hajafika kazini.

"Yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya nyumba kwenye migomba, anachambua maharage. Lini umewahi kusikia mume wangu anachambua maharage?" Alinimiminia chai, akanikalisha, akamgeukia mwanawe. "Na wewe, mkubwa mzima, mila za kwenu hujui? Ulimwambia huyu mtoto habari ya mkwe?"

Isakwisa akaanza kuhangaika na mkanda wa begi lake.

"Hakukwambia," Mama Ikupa akanieleza. "Sasa mimi nakwambia. Katika ukoo wetu, mwali akishaposwa hamwoni tena baba mkwe, wala baba mkwe hamwoni yeye. Akiingia mlango wa mbele, wewe unatoka wa nyuma. Mkikutana njiani unaingia shambani, unageuza uso. Mimi baba mkwe wangu nilimwona uso siku amelala kwenye jeneza. Wengine siku hizi wameacha, lakini sisi bado, na shemeji yangu Benjamini ndiye anayesimamia. Kwa hiyo siku utakayoposwa, siku hiyo hiyo unainuka kwenye kiti hicho."

Nilikitazama kiti changu, na kiti cha Mwalimu kilichogusana nacho.

"Ameniambia jana usiku," Mama Ikupa aliendelea, sauti imelegea. "Amesema, 'Isakwisa achague msichana yeyote, Mbeya yote hii, lakini huyu aniachie. Nimezeeka, mwingine wa kukaa naye pale nitampata wapi?'"

Nilicheka. Nikalia. Vyote pamoja, chai ikanipalia. Kumbe Mwalimu ananipenda! Ananipenda mpaka ananikataa!

"Ee Mungu wangu," nikasema, "afadhali angenichukia tu."

Isakwisa alisimama ghafla, uso umechangamka. "Kumbe ni hilo tu? Basi halina shida! Nipeni mpaka mchana."

Akatoka mbio. Mama Ikupa akatikisa kichwa, akasema huyo akikimbia hivyo ujue anakwenda kuharibu kitu.

Mchana akarudi kutoka sokoni Mwanjelwa na boksi kubwa kichwani. Skrini mpya, kibodi mpya, spika mpya! Akaingia moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma tunakoweka vyombo, akaanza kupanga huku anaimba.

"Paskalina, utakaa huku. Baba atakaa kule. Ukuta katikati. Kila mtu na skrini yake, hamwonani ng'o! Baba mkubwa Benjamini atasema nini tena? Mila imefuatwa, kazi inaendelea, na mimi nimepata mke."

Alikuwa na furaha ya mtoto, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani kumkubalia. Nilikuwa nimeshashika waya mkononi. Hapo nikasikia mtu anakohoa mlangoni.

Mwalimu Andendekisye alikuwa amesimama, maganda ya maharage kwenye sweta. Aliangalia boksi, akaangalia ukuta.

"Hiyo ya nani?"

"Ya Paskalina, baba. Ili msi..."

"Itoe."

"Baba, nisikilize kwanza."

"Kwaya haiimbi katika vyumba viwili. Itoe." Akapita, akaketi kwenye kiti chake, akavuta miwani. "Paskalina. Ubeti wa tatu bado."

Nikaenda nikakaa. Ningefanya nini? Isakwisa alibaki kwenye mlango wa chumba cha nyuma, boksi mikononi. Tukafanya kazi. Mwalimu akasafisha, akabonyeza. Nikaweka picha, nikabonyeza. Nikakosea, nikarudia. Mwishowe nikaona nitapasuka.

"Mwalimu."

"Mm."

"Mara ya mwisho kunitazama ni lini?"

"Nakuona kila siku, mtoto wewe."

"Hapana. Unaitazama skrini. Mimi pia naitazama skrini. Uso wako naujua upande mmoja tu, huu wa kulia. Ukiniuliza macho yako yakoje, sijui. Wewe unajua yangu yakoje?"

Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye kitufe, kikabaki hapo hapo.

"Kama mila inakataza mkwe na baba mkwe kutazamana," nikasema, "basi sisi tumeishika tangu siku ya kwanza, hata kabla sijamjua mwanao. Watu wa kwenu watatudai nini tena?"

Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ile ya ndani kwa ndani, mpaka akavua miwani.

"Hayo ni maneno ya kijanja."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ya kijanja sana. Kaka yangu Benjamini hawezi kuyakubali." Kicheko kikaisha. Akaangalia mikono yake, akavaa miwani, akainuka. Alipofika mlangoni akamwambia Isakwisa, "Mwambie mshenga ajiandae. Jumamosi."

"Baba! Umekubali?"

"Nimesema Jumamosi."

Akaondoka. Kama nitainuka kwenye kiti changu au la, hakusema, wala mimi sikuthubutu kuuliza.

Mkidhani matatizo yaliishia hapo, hamumjui baba yangu. Mzee Clement wa Kalenga nilipompigia simu kumweleza, aliwafukuza kuku kwanza ili anisikie vizuri.

"Ajifiche?" akasema. "Binti yangu aishi anakimbilia mashambani mtu akipita? Amefanya nini?"

"Ni mila yao, baba."

"Na mimi nina mila yangu. Waje. Lakini swali la kwanza litakuwa hilo, na wakinijibu vibaya, watarudi Mbeya kama walivyokuja."

Jumamosi nilikuwa Kalenga, jikoni kwa mama yangu, Bertha, nimevaa kitenge kipya. Gari likasimama uwanjani. Nikachungulia dirishani. Akashuka mshenga. Akashuka Mama Ikupa. Akashuka baba mkubwa Benjamini, na koti lake zito na kofia. Akashuka Isakwisa wangu, amenyoa, amevaa shati jeupe, akageuza shingo huku na huku kunitafuta, na mimi moyo ukanitoka ukamfuata. Halafu akashuka Mwalimu.

"He!" mama akashangaa. "Baba mzazi anakuja mwenyewe kwenye posa?"

Hata hatujamaliza kushangaa, Benjamini akaita kutoka uwanjani, "Mwambieni binti asitoke jikoni! Baba mkwe yupo!"

Mama akanivuta nyuma ya mlango. Nikasimama pale kama mtu mwenye kosa, nasikiliza posa yangu kupitia ufa.

"Kamwene," baba aliwasalimia sebuleni, kwa Kihehe.

"Kamwene," wakaitikia, hata wale wa Mbeya, kwa kujikaza.

Mshenga akaanza maneno yake mazuri ya kuona ua katika bustani. Baba akamkata.

"Ua limeonekana, sawa. Mimi nina swali moja. Mwanangu akija kwenu, ataishi vipi na baba mkwe?"

"Kama wanavyoishi wake zetu wote," Benjamini akajibu. Hakuwa mtu mbaya, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeheshimu kitu. "Kwa heshima. Hawatakaa chumba kimoja. Hawatatazamana. Ndivyo alivyoishi mama yangu, ndivyo alivyoishi huyu Ikupa hapa."

"Hata akiugua?"

"Hata akiugua."

Nikasikia kiti cha baba kinalia.

"Basi kuleni, mshibe, mrudi salama. Binti yangu simtoi."

Nikamshika mama. Sauti ya Isakwisa ikapasuka huko ndani, "Mzee, mimi nitamhamishia popote, nitamjengea..." na Benjamini akamwambia anyamaze, wakubwa wanaongea. Nikasikia watu wanainuka. Nikasema basi, yameisha, nimempoteza mume na Mwalimu siku moja.

"Bwana Clement," akasema Mwalimu.

Waliokuwa wanainuka wakakaa.

"Kwenu mgeni ananawa kabla ya kula?"

"Ananawa," baba akajibu, anashangaa.

"Nani anamnawisha?"

"Binti wa nyumba."

"Mimi bado sijanawa." Akapaza sauti, ile ile ya studio nikichelewa na ubeti. "Paskalina!"

Nikamtazama mama. Mama akachukua jagi la maji ya moto, akalipima kwa kidole, akanipa pamoja na beseni. "Umeitwa," akasema. "Nenda."

Nikatoka. Sijui miguu nani alinipa. Nilipoingia, Benjamini alishika kofia akafunika macho. "Andendekisye! Unatuvua nguo mbele za watu!"

Mwalimu hakumgeukia. Nikapiga goti mbele yake, akanyoosha mikono. "Mimina, mwanangu."

Nikamimina. Akanawa polepole, kidole kwa kidole. Kisha akainua uso, akanitazama moja kwa moja, na mimi nikamtazama. Ndipo nikayaona. Yalikuwa macho ya Isakwisa, yaliyozeeka.

"Kaka," akasema, bado ananitazama mimi. "Siku baba yetu alipokuwa anakufa, mimi na wewe tulikuwa tumeenda kumfuata daktari. Nyumbani alibaki Ikupa peke yake. Baba akaita maji. Mke wangu alisimama nyuma ya mlango na kikombe mkononi, anatafuta mtu wa kumpelekea. Hakumpata. Tuliporudi kikombe kilikuwa kimejaa, na baba ameshakwenda. Hukujua hilo. Aliniambia mimi tu."

Mama Ikupa aliinamisha kichwa, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Mila nimeifuata maisha yangu yote, na wanaotaka kuifuata waifuate, sitawacheka. Lakini siku yangu ikifika nataka kunywa maji kutoka mkono huu hapa. Na kabla ya siku hiyo nataka tukae meza moja, tugombane kuhusu besi. Bwana Clement, mwanao hatajificha kwangu. Nyumba yangu haina mlango wa nyuma kwa ajili yake."

Baba alinitazama, akamtazama Mwalimu, akakaa chini. Baba yangu, ambaye hakosi neno! Aliitikia kwa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Sote tukamwangalia Benjamini. Kofia bado ilikuwa usoni. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo. Halafu akaishusha taratibu. Macho yalikuwa yamelowa. Alimtazama Mama Ikupa kwanza, akamwinamishia kichwa. Kisha akakunja mikono ya koti lake zito, akanyoosha viganja juu ya beseni.

"Kwani mimi sinawi?" akasema.

Vigelegele! Mama Ikupa ndiye aliyeanza, mama yangu akavidaka kutoka jikoni, na majirani ambao hata hawakualikwa wakavipokea huko nje. Nilimnawisha Benjamini huku nalia, naye akaninong'oneza asante ya kwao, "Ndaga, mwanangu."

Nikapita kwa mshenga, nikapita kwa Mama Ikupa aliyenibusu paji la uso. Mwisho kabisa alikuwa Isakwisa. Alikuwa ameshanyoosha mikono, na yule mwanaume mrefu alikuwa analia wazi wazi mbele ya baba mkwe wake bila aibu hata kidogo.

"Paskalina wangu," akasema.

Nikaanza kumimina. Hakuna kati yetu aliyeyaangalia maji. Beseni likajaa, yakamwagika mkekani, yakafika kwenye viatu vya wazee, na hapakuwa na mtu aliyetuambia tuache.